PS5, Xbox au Switch 2? Nilivyozipanga mimi kabla GTA 6 haijatoka

Dogo mmoja, mtoto wa mama mdogo, alinipigia simu toka Morogoro, "kaka nimejichanga hela ya mashine ya gemu, ninunue ipi, maana GTA 6 hiyo inakuja", nikajikuta naongea mpaka salio lake likakata katikati ya sentensi. Nikaona bora niandike yote, nimtumie yeye na wengine mnaoniuliza swali hilohilo kila mwezi.

Tuanze na hiyo GTA maana ndo inayowachanganya watu. Treila ya kwanza ilitoka Desemba 2023, Rockstar wanaoitengeneza wakatuambia gemu itatoka 2025, wakasogeza hadi 26 Mei 2026, halafu Novemba 2025 wakasogeza tena na tarehe waliyoitangaza ni 19 Novemba 2026. GTA 5 ilitoka 2013 kwenye PS3 na Xbox 360, kuna madogo walikuwa darasa la tatu kipindi kile leo wana watoto. Mashine zilizotajwa kwa GTA 6 ni PS5 na Xbox Series X na S, basi. PS4 haimo, Switch 2 haimo, kompyuta haimo. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii PS4 Pro utachezea hata GTA 6" mshukuru, toka nje.

Na ule ushauri wa zamani wa "subiri bei ishuke", safari hii umegoma kabisa. PS2 na PS3 zilikuwa zinashuka kila baada ya muda, wengi wetu ndo tulizipata hivyo. Kizazi hiki kinapanda! PS5 ya CD ilianza kwa dola 499 Novemba 2020, Agosti 2025 Sony wakaipandisha Marekani ikawa dola 549. Xbox Series S ilianza dola 299, ikapandishwa mara mbili ndani ya 2025 mpaka 399. Mwishoni mwa mwaka huohuo bei za RAM, ile memori ya ndani ya mashine, nazo zikaruka kwa sababu makampuni ya AI yanazikomba zote, sasa hiyo mashine itashukaje bei wakati vitu vya ndani vinapanda. Na hizo ni bei za kwao, huku kwetu ongeza usafiri, ushuru, VAT asilimia 18, na faida ya mtu wa Kariakoo.

Sasa nilivyopanga. Mimi sikuangalia mashine ipi ina nguvu zaidi, video za kupima fremu zimejaa, kaangalie huko. Nimeangalia vitu vitatu ambavyo ndo vinatuumiza huku: inasoma CD au haisomi, inakula bando kiasi gani, na washkaji zako wana mashine gani. Cha tatu watu wanakidharau ila ndo kinachoamua kama utakuwa unacheza peke yako kama mchawi saa nane usiku.

Namba moja ni PS5 Slim, ILE YA CD.

Nimeweka herufi kubwa makusudi. Kuna Slim ya CD na kuna ya dijito isiyo na sehemu ya kuingiza CD, kwenye picha za Instagram zinafanana, na ile ya dijito ni bei rahisi kidogo kwa hiyo watu wanaona wamepata dili. Shida inaanza ukifika nyumbani. Gemu kubwa siku hizi kugusa GB 100 ni kawaida, uishushe kwa bando la simu, halafu wiki inayofuata kuna apdeti ya GB 20. Kama una faiba nyumbani isiyo na kikomo sawa, hilo haliumi sana. Lakini hata hivyo gemu ya dijito ukishaimaliza imekufia mkononi, huwezi kumuuzia mtu, wakati CD unacheza wiki tatu, unamaliza, unaenda kubadilishana na mtu unaongeza hela kidogo unaondoka na gemu nyingine. Mimi kuna mwaka nilinunua gemu mpya mbili tu, zilizobaki zote nilicheza kwa mzunguko huo wa kubadilishana na jamaa wanne wa Sinza.

CD nayo siyo dawa ya kila kitu, nisiwadanganye. Kuna gemu CD yake ni kama ufunguo tu, Call of Duty Modern Warfare II ya 2022 ndani ya CD kulikuwa na MB 70 na kitu, zilizobaki zote ushushe mwenyewe. Kwa hiyo ulizia kabla. Ila gemu nyingi za hadithi za mchezaji mmoja unaingiza, inakopi, unacheza.

Kingine ni kwamba PS5 ya CD inasoma karibu CD zote za PS4, zile ulizonazo kabatini haziendi popote. Za PS3 na PS2 haisomi, usibishane na mtu. Na ukiwa umeshanunua Slim ya dijito usilie, ile Slim unaweza kununua kidude cha CD pembeni ukakichomeka, ila mara ya kwanza lazima uwe na intaneti ili kikubaliane na mashine.

Halafu soma boksi vizuri. Slim ilitoka na TB 1, lakini 2025 walianza kuuza Ulaya ya dijito yenye GB 825, zimefanana kwa nje kila kitu, na mizigo ya kwetu mingi inapitia Uingereza na Dubai. Kuna mtego mwingine mbaya zaidi, Novemba 2025 Sony walitoa PS5 ya dijito ya Japani kwa yen 55,000, bei ya chini sana kuliko nyingine, ila imefungwa lugha ya Kijapani tu na inataka akaunti ya Japani. Mtu akikuletea PS5 mpya kabisa kwa bei ya ajabu, mwambie aiwashe kwanza uone menyu inaongea lugha gani.

Namba mbili, na hapa najua mtanitukana, ni PS4 iliyotumika. Slim au Pro.

Ndiyo, mashine ya 2013. Jiulize wewe unacheza nini. Nusu ya watu wanaonifuata kuulizia PS5 wanacheza mpira, na mpira tu, mwaka mzima. EA FC 26 iliyotoka Septemba 2025 ipo PS4. eFootball ipo PS4 na ni bure. Fortnite ipo. Tena CD za PS4 zimejaa mtaani, pedi zimejaa, fundi wa kuifungua yupo kila kona, na kama una wazo la kufungua kibanda cha gemu basi hata usifikirie PS5, watoto watakuvunjia pedi moja ya PS5 na faida ya wiki nzima imeondoka. Sisi tulikua na PS2 za kuchipiwa kwenye kibanda cha mbao, tivi ya chogo, foleni ya watu kumi, aliyefungwa anampisha mwenzake, na hakuna siku tuliuliza grafiksi. Ukinunua PS4 leo unajua wazi kwamba GTA 6 hutaiona na gemu ya Wolverine ya Sony hutaiona, ila kama hela yako ni ya PS4 nunua PS4 ufurahi, usikope kwa ajili ya gemu ambayo imeshasogezwa mara mbili.

Namba tatu, Xbox Series S. Kadogo, keupe, kazuri kwa kweli, na GTA 6 itaingia humo kwa bei ndogo kuliko mashine nyingine yoyote mpya. Kwa nini basi nimeishusha mpaka tatu? Haina CD kabisa na huwezi kuiongezea, GB 512 unaweka gemu nne tano kubwa imejaa, na ukitaka kuongeza nafasi ya kuchezea gemu mpya lazima ununue kile kikadi chao maalum ambacho bei yake inauma, wakati PS5 unafungua ubavu unaweka SSD (diski ya kuhifadhia) ya kawaida ya M.2. RAM yake ni GB 10 dhidi ya 16 za Series X, na hiyo siyo stori ya kwenye karatasi, mwaka 2023 Baldur's Gate 3 ilichelewa kutoka Xbox kwa sababu ya kuchezesha watu wawili kwenye skrini moja katika Series S, mwisho wakaitoa bila hicho kitu.

Utamu wa Xbox ulikuwa Game Pass, unalipia kwa mwezi unacheza mamia ya gemu. Oktoba 2025 ile Ultimate, kifurushi chake kikubwa, ikapanda Marekani mpaka dola 29.99 kwa mwezi. Piga hesabu ya mwaka halafu ujumlishe bando la kuzishusha hizo gemu. Na kinachonivunja moyo zaidi ni kwamba gemu zao wenyewe zinahamia kwa jirani, Forza Horizon 5 imeingia PS5 Aprili 2025, Gears of War ikafuata Agosti, na Halo, HALO jamani, imetangazwa kuja PS5 mwaka 2026. Zamani tuligombana shuleni kwa ajili ya hizi gemu, leo mwenye PS5 anacheza zote na mwenye Xbox hapati Spider-Man. Series X ni mashine nzuri, inasoma CD, inasoma hadi CD nyingi za Xbox 360, ila kwa dola 649 ya Marekani iliyofika baada ya kupandishwa Oktoba 2025 sioni namwambia nani aichukue, labda mtu mwenye CD zake za Xbox nyingi tayari.

Namba nne, Switch 2 ya Nintendo. Mimi binafsi naipenda hii kuliko namba inavyoonyesha. Ilitoka 5 Juni 2025 kwa dola 449 na ndani ya siku nne waliuza zaidi ya milioni 3.5. Umeme ukikatika wewe unaendelea kucheza mkononi, hilo peke yake lingetosha kuipandisha. Kama una watoto nyumbani, Mario Kart World mnacheza familia nzima mpaka bibi. Tatizo ni upweke. Uliza washkaji zako kumi nani ana Switch, ukipata wawili nipigie simu. CD zake, yaani zile kadi, hazizunguki mtaani, na siku hizi kuna kadi ambazo ndani hamna gemu, ni ruhusa tu ya kushusha, kwenye boksi wameandika kwa chini kabisa. Memori kadi nayo ni lazima iwe microSD Express, ile ya kawaida ya kwenye simu haichezeshi gemu. Bei za gemu za Nintendo hazishuki hata baada ya miaka, sijui wanakula nini hao watu.

Ya mwisho ni PS5 Pro, ile PS5 yenye nguvu zaidi. Haina CD, kidude cha CD unanunua pembeni, na kama tivi yako ni ile ya inchi 32 isiyo 4K basi hela yako umeichoma. Sina la kuongeza hapo.

Sasa kama unanunua iliyotumika, na wengi wetu ndo tutanunua iliyotumika, nisikilizeni kwa sababu hili limenikuta. Miaka kadhaa nyuma nilichukua PS4 Slim kwenye duka moja mjini, ikawashwa mbele yangu, nikacheza mechi mbili, safi. Nafika nyumbani naingiza akaunti yangu, inanikatalia, mashine yenyewe Sony walishaifungia isiingie mtandaoni kwa makosa ya mwenye nayo wa kwanza. Narudi dukani, "mbona ulijaribu mwenyewe ukaridhika". Nikabaki na mashine ya kuchezea na mdogo wangu sebuleni. Toka siku hiyo naenda na simu yenye bando, nawasha hotispoti palepale dukani, naingia na akaunti yangu, ndo natoa hela. Chungulia pia tundu la HDMI kwa tochi ya simu, likilegea picha itakuwa inakatakata na huo ni ufundi wa kuchomelea. Iache inacheza nusu saa, siyo dakika tano, sikiliza feni, vumbi la huku linaziba hizi mashine halafu zinapiga kelele kama genereta. Pedi nayo, ingia kwenye gemu uachie mikono, mchezaji akitembea mwenyewe hiyo stiki imekufa.

Suala la akaunti, PSN (mtandao wa PlayStation) haina Tanzania wala Kenya kwenye orodha ya nchi zake, ndo maana wengi tuna akaunti za Marekani, Uingereza au Afrika Kusini na tunanunua kadi za vocha. Chagua nchi moja mapema ubaki nayo, maana vocha ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza. Na kama unacheza eFootball au Fortnite, kucheza onlaini hulipii PS Plus (ada ya Sony ya kucheza onlaini), ya EA FC ndo unalipia. Kuna mtu alilipa mwaka mzima kwa ajili ya Fortnite, simtaji ila ananisoma hapa.

Dogo wa Morogoro baada ya yote hayo kaniambia anacheza mpira na GTA 5 tu, nyumbani hawana waifai, na hela aliyonayo haifiki hata nusu ya PS5. Nimemwambia akachukue PS4 Slim, hela itakayobaki anunue pedi ya pili, na CD ya GTA 5 asinunue, nitampa yangu.