Inkubeta ya mayai ya parakiti: nenda dukani na gololi

Malalamiko ya wasomaji wa Nakuru na Kisumu yanafanana kama mapacha. Parakiti jike, yule kasuku mdogo wa kufugwa, ametaga, akayasusia mayai. Mwenye ndege akakimbilia inkubeta ya "mayai 56". Siku ya 18 ikapita bila hata kinda mmoja. Mayai yakipasuliwa, vijusi vimekauka vikiwa vimeshikamana na utando upande mmoja. Wote hulaumu joto. Mimi naanza na rola.

Rola hizi, zile fito za kugeuza mayai, zimepangwa kwa yai la kuku, lenye gramu 50 na zaidi. Yai la parakiti lina gramu 2 hivi, urefu wa milimita 18 na unene wa 14. Hutumbukia katikati ya fito hadi chini, ambako halifikiwi na chochote, au hubanwa likapata ufa. Lisipogeuzwa, kijusi hunata kwenye utando na hakifiki mbali. Muuzaji atakuonyesha taa, kengele na skrini, lakini nafasi kati ya fito hataigusa. Basi nenda na gololi ya mtoto, ile ya kawaida ya milimita 16. Ikitumbukia, yai la parakiti halitapona. Isipotumbukia, bado toa rula upime.

Kabla ya kutoa hata shilingi, ulizia wafugaji wenzako kama kuna jike anayeatamia mayai yaliyopishana na yako kwa siku zisizozidi 4. Yatie alama ya penseli, umwongezee mawili au matatu, jumla isizidi 6 au 7. Jike huyo anashinda mashine zote, kwa sababu atalisha pia. Asipopatikana, ndipo ununue.

Nafasi ya kwanza ni Brinsea Octagon 20, ile yenye kitanda cha kugeuza. Naipendelea waziwazi wala siombi radhi. Haina rola: mashine nzima hulala upande huu, kisha upande ule, na vigawanyo vya ndani husogezwa hadi viyashike mayai madogo. Ya pili ni Brinsea Mini II Advance, ambayo huyasukuma mayai kwa sahani yenye matundu. Sahani inayokuja nayo ni ya mayai 7 ya kuku, kwa hiyo agiza na ile ya kware papo hapo. Ukiiacha kwa baadaye, utalipia usafiri mara mbili.

Ya tatu ni mashine yoyote yenye feni na trei ya kware, ukikubali kugeuza kwa mkono mara 5 kwa siku. Andika X upande mmoja na O upande wa pili, ili yai lisilale usiku mbili mfululizo upande uleule. Sanduku la balbu bila feni, usinunue.

Na hawa wauzaji! "Mayai 56" ni hesabu ya kuku, trei ya kware "itakuja wiki ijayo", na bei hupanda ukishataja neno parakiti. Ukiambiwa waranti ni ya siku 7, mkumbushe kwamba yai lenyewe linataka 18. Dai mashine iwashwe dukani kwa saa kadhaa, kipimajoto chako kikiwa ndani kwa usawa wa mayai. Skrini ikisema 37.5 na chako 38.5, rudi nyumbani na pesa zako.

Weka joto la nyuzi 37.4. Unyevu uwe kama asilimia 45, upande hadi 65 au 70 siku 3 za mwisho, ambapo pia unaacha kugeuza. Nakuru iko juu, kama mita 1,850, na hewa yake ni kavu, hivyo yai hupoteza maji haraka. Kisumu, kando ya ziwa, wengi hutia maji kupita kiasi na kinda huzama ndani ya ganda. Mizani ya vito ya gramu 0.01 inakata shauri: yai la gramu 2.2 lifike karibu 1.9 kabla ya kutotolewa. Stima ikipotea, funika mashine kwa blanketi bila kuziba matundu ya hewa. Yai hustahimili kupoa kwa muda kuliko kuchemka.

Pesa nyingine ziweke kwa kinda, maana huyu ndiye mwenye gharama. Nunua sirinji za mililita 1, kipimajoto cha chakula, na unga wa kulishia makinda wa kasuku kama Kaytee Exact. Uji wa mahindi haufai. Siku za kwanza unga huo wa makinda ukoroge mwepesi kama maji, ukiwa na nyuzi 39 au 40; ukizidi hapo, unaunguza gole, kile kifuko cha chakula shingoni. Lisha kila baada ya saa 2, usiku pia, tone kwa tone pembeni mwa mdomo, na sanduku lake liwe na nyuzi 35 au 36. Chakula kikirudi puani, acha papo hapo: kinaelekea kwenye pafu.