Uzoefu wangu na mbunifu wa mambo ya ndani: nyumba ya kupendeza, nyumba ya kuishi

Nilichompendea mbunifu wetu ni kwamba mara ya kwanza hakuja na picha za sebule za watu wala vipande vya rangi. Alikuja na tepu ya kupimia na maswali. Nani anaamka wa kwanza? Viatu mnavulia wapi? Mkirudi na mizigo mnaitua wapi? Akauliza hata urefu wa anayepika zaidi, maana kaunta ya jikoni kwa kawaida huwa na kimo cha sentimita 90 hivi, na mume wangu, aliye mrefu, alikuwa akiinama kila akikata vitunguu. Yetu ikapandishwa hadi 96. Mgongo wake umeshukuru.

Kabla seremala hajakata ubao, tulibandika utepe wa karatasi sakafuni kuonyesha kila samani itakaa wapi. Meza kubwa niliyoitamani ingebakiza sentimita 60 tu hadi ukutani: mtu akikaa, mwenzake hapiti. Tukachagua ya duara, nafasi ikawa 90.

Kwa viti alitushauri mtindo wa mbao iliyopindwa kwa mvuke. Asili yake ni kiti namba 14 cha fundi samani Michael Thonet, cha mwaka 1859, kilichoundwa kwa vipande 6 vya mbao, skrubu 10 na nati 2. Mguu ukilegea unakaza skrubu, kiti kinarudi kazini. Kwangu mimi huo ndio mtindo usiochuja: umbo jepesi lisilochosha macho, na kitu kinachotengenezeka kikiharibika.

Jikoni ndiko nilikofurahi zaidi. Makabati ya chini hayana rafu, yana droo za kina. Navuta moja, sufuria zote naziona kutoka juu, mifuniko imesimama wima kwenye vigawanyo vya mbao. Kupiga magoti kutafuta kikaango kumekwisha. Vishikio ni vya shaba ya njano isiyopakwa vanishi. Vimeanza kuwa na weusi kingoni na kung'aa pale vidole vinapogusa, na ninavyoviona vinazidi kupendeza.

Kuta zina rangi tulivu. Rangi kali zimewekwa kwenye mito na mapazia, ambavyo tukivichoka tunabadilisha bila kuita fundi. Taa za sebuleni ni za Kelvin 2700 (Kelvin ni kipimo cha rangi ya mwanga; namba ikipanda, mwanga unazidi kuwa mweupe), mwanga wa kutuliza. Juu ya kaunta ni 4000, unaona vizuri unachokata.

Kasoro zipo. Swichi ya taa za kaunta iliwekwa nyuma ya mlango, ikawa lazima uufunge ndipo uwashe. Nililalamika, wakaihamisha bila malipo, ila kiraka ukutani bado kinaonekana jua likipiga. Pia seremala alipochelewa hatukuambiwa lolote mpaka tulipopiga simu wenyewe. Kwa kampuni iliyotuuliza hata mahali pa kuvulia viatu, ukimya ule uliniudhi kweli.

Anayetaka sebule ya kupiga picha tu atachoshwa na maswali yao. Chumba cha watoto hakijaguswa bado, na kazi hiyo nitawapa wao wao, kwa sharti moja: mchoro wa umeme tuupitie pamoja ndani ya chumba chenyewe, milango ikiwa wazi.