Mashine ya Mkate kwa Unga wa Skonzi: Ipi Itangulie na Ipi Ifuate

Mtu anayetaka mashine ya mkate imkandie na kumuumulia unga, kisha akate skonzi kwa mkono na kuzioka kwenye oveni, hahitaji mashine ileile anayoihitaji mwenye kuoka mkate mzima ndani yake. Dirisha la kutazamia, chaguo la rangi ya ganda na orodha ndefu ya programu havimsaidii chochote. Vinavyomsaidia ni umbo la chombo, mwiko wa kukandia ulio chini yake, na programu ya unga, na kwa vigezo hivyo vitatu tu ndivyo nilivyozipanga aina zifuatazo.

Kabla ya kulipa, fungua kijitabu cha maelekezo uitafute programu ya unga. Kwa kawaida huchukua saa moja na nusu hivi: mashine hukanda kwa dakika 20 hadi 30, hutunza joto la wastani ili unga uumuke, kisha husimama bila kuoka. Mashine isiyo na programu hiyo iache, hata ikiwa na sifa nyingine zote.

Nafasi ya kwanza naipa mashine yenye chombo cha wima, mwiko mmoja, na uwezo wa kutoa mkate wa gramu 900 hadi kilo moja. Katika chombo cha namna hiyo unga hukusanyika katikati kuuzunguka mwiko, ukawa donge moja linalojipigapiga ukutani na kurudi, na huko ndiko kukandwa hasa. Gramu 500 za unga wa ngano, mililita 310 za maji au maziwa, siagi kidogo, chumvi na gramu 7 za hamira ya papo hapo hutoa donge la gramu 850 hivi, yaani skonzi 12 za gramu 70, na mota haielemewi. Ikiwa mashine hiyo inakuruhusu pia kujipangia muda wa kila hatua, ongeza pesa uichukue, kwa kuwa utaweza kurefusha ukandaji au kufupisha uumukaji wa kwanza, ukijua kwamba skonzi zitaumuka tena zikishakatwa na kupangwa kwenye trei.

Ya pili ni yenye chombo kirefu cha kulala na miiko miwili. Kwa kiasi kikubwa cha unga hufanya kazi nzuri sana, na familia yenye watu wengi inaweza kuipendelea kuliko ile ya kwanza bila kukosea. Nimeiweka nyuma kwa sababu ukitia unga mchache hugawanyika vipande viwili, kila mwiko ukazungusha chake, huku unga mkavu ukibaki kwenye pembe hadi uukwangue kwa mwiko wa mpira.

Mashine ndogo ya mkate wa gramu 500 inashika nafasi ya tatu. Inawatosha watu wawili, maana gramu 300 za unga hutoa skonzi saba, lakini kwa wepesi wake hutikisika na hata kusogea mezani inapokanda unga mgumu, kwa hiyo isiwekwe ukingoni kamwe.

Mwisho kabisa ni ile ya bei ya juu yenye visanduku vya kudondosha hamira, njugu na zabibu kavu. Visanduku hivyo vina maana kwa anayetega mashine usiku akalale. Wewe utakuwepo, na mkono wako utatosha. Na kama tayari una mikseta kubwa yenye ndoano ya kukandia, usinunue mashine yoyote kati ya hizi, isipokuwa unahitaji kweli mahali pa kuumulia unga penye joto lisilobadilika.

Mashine iliyotumika si mbaya, mradi uikague. Tia maji kidogo kwenye chombo, usubiri, kisha utazame chini: tone likionekana kwenye mhimili unaozungusha mwiko, mpira wake wa kuzuia maji umechakaa. Zungusha mwiko kwa kidole, angalia kama utando wa ndani ya chombo, ule unaozuia unga usigande, umechubuka, na uulizie kama mwiko wa akiba unapatikana, kwa kuwa hicho ndicho kipande kinachopotea upesi.

Siku ya kwanza ya kuitumia, tia vimiminika kwanza, unga juu yake, na hamira mwisho, isipokuwa kijitabu chako kimeelekeza vinginevyo. Baada ya dakika tano funua kifuniko utazame. Donge liwe laini, linate kidogo chini na kuachia kuta. Likiwa limechanika na kuacha unga pembeni, ongeza maji kijiko kimoja kimoja. Likiwa limetandaa kama uji mzito, ongeza unga kwa namna hiyohiyo. Programu ikiisha, mimina donge mezani, ulipapase katikati uone kama mwiko umetoka nalo, ndipo ushike kisu.