Mafuta ya propolisi ya Ngara: kopo limeisha, sasa naweza kuongea

Nilisema siandiki kitu mpaka kopo liishe, juu kuna watu hupaka siku mbili halafu wanaapa maisha yamebadilika. Limeisha Jumapili. Ni mafuta ya uso ya propolisi, ile gundi ya nyuki: gramu 50, shilingi 750, wiki saba, napaka usiku peke yake. Haya tuongee.

Kwanza mjue nilikuwa nimeapa sitawahi gusa hii kitu tena. Mwaka jana kuna kijana alikuwa anauza pale steji mafuta ya "propolisi orijino" shilingi 200, nyeusi tiii, nikafungua nikanusa nikamwambia rafiki yangu hii inanuka kama barabara ikiwekwa lami, tukacheka sana, na bado nikanunua, sijui nilikuwa na akili gani siku hiyo. Siku ya tatu mashavu yanawasha, vipele mpaka chini ya macho, kazini wananiuliza kama nimefiwa. Nikatupa kopo na pesa yangu. Ilikuwa uchafu ama ni ngozi yangu tu ilikataa? Ngoja nitarudi hapo.

Sasa hii duka. Iko Ngara, zile stoo zimebanana ghorofa ya kwanza, ukiingia haraka utaipita. Nilikuwa nimetumwa asali na shosho. Mwenye duka ni mama wa makamo, mtu wa Kitui, anauza asali, nta, mishumaa na haya mafuta. Ako na friji ya soda lakini soda ndani ni mbili tu, pengine pote ni mifuko ya propolisi! Nikadhani ni takataka za mzinga. Akatoa kipande, akakigonga na mpini wa kisu kikavunjika kama glasi. Halafu akaniwekea kipande kwa kiganja akasema, "Funga mkono mrembo, tuongee kidogo." Dakika mbili hivi nikifungua ni chingamu, inanata kwa vidole vyote. "Sasa nusa." Nikanusa. Ubani, ule wa kanisani, na nta kwa mbali, na utamu fulani hivi. Lami hakuna.

Hapo ndio nikamwambia stori ya steji. Hakucheka. Akaniuliza, "Alikuambia mizinga iko wapi?" Nikasema hapana, mimi nitaulizaje mambo ya mizinga na nanunua mafuta ya uso. Akasema basi hilo ndilo swali la kwanza, bei baadaye.

Na alikuwa sahihi, nimekuja kusoma na kuulizauliza nikaona mama hakuwa ananifunga kamba. Kwa wasiojua, propolisi si asali na si nta. Ni ile gundi ya nyuki. Nyuki anaenda kwa mti, anakwangua utomvu kwa machipukizi ama pale gome limepasuka, anaubeba kwa miguu ya nyuma, wakifika nyumbani wanauchanganya na nta na mate yao, wanaziba nyufa na kupunguza mlango. Panya akiingia mzingani akafia huko, na hawawezi kumbeba nje, wanamfunika na hiyo gundi akauke bila kuoza na kuwachafulia nyumba. Kwa hivyo ile nguvu ya kuzuia vijidudu tunayotafuta kwa ngozi, si nyuki ameitengeneza kutoka hewani, ni dawa ya mti. Nusu ya propolisi hivi ni utomvu, nta kama asilimia 30, iliyobaki ni mafuta ya harufu, chavua na vitu vidogo vidogo. Mti mbovu, gundi mbovu. Mti hakuna? Hapo sasa ndio balaa.

Juu nyuki hajui kusoma lebo. Anatafuta kitu kinanata. Akikosa utomvu atachukua lami iliyolainika na jua, atachukua rangi mbichi ya geti, gundi ya fundi wa dirisha, watu wamewahi kupata hivyo vitu ndani ya mizinga. Na kwa sababu inanata, gundi yenyewe inashika vumbi na madini kama risasi (lead), hadi watafiti wanaitumia kupima vile mahali pamechafuka. Fikiria hiyo, kitu wengine wanatumia kama kipimo cha uchafu wewe unapaka kwa uso. Sisi tuliachana na petroli ya risasi 2006 lakini vumbi la barabara halijahama Nairobi, na kuna moshi, kuna chuma cha jua kali, kuna betri kuukuu zinavunjwa kando ya mto.

Nyuki anaenda kama kilomita 3 kutafuta, akibanwa anaenda zaidi. Sasa chora duara kutoka hapo hapo Ngara: umeguza Gikomba, umeguza Pangani, Kariokor, tauni yote, na Nairobi River na kila kitu kinaelea ndani. Ndio maana nikiona mtu anauza propolisi na mizinga iko nyuma ya gereji najiuliza maswali. Asali mtu anaweza kula, sawa. Lakini gundi?

Mizinga ya huyu mama (ni ya ndugu zake, yeye anauza tu) iko upande wa Mwingi, imetundikwa kwa miti, anasema hakuna lami karibu na hakuna shamba la mboga linalopigwa dawa. Nyuki wanatoa utomvu kwa migunga na ile miti ya jamii ya manemane, hivyo ndivyo wazee wa kwao husema, na kwa ile harufu ya ubani mimi sibishani. Shida yao ni makaa. Kaunti ya Kitui ilipiga marufuku kusafirisha makaa nje 2018 na watu wakalia, lakini yeye alifurahi, "Mti ukikatwa, nyuki ataenda kwa nani?"

Akanionyesha pia wavu wa plastiki wanaouweka juu ya mzinga, nyuki wanaziba matundu, unatoa wavu mzima unaweka kwa friza, unakunja, propolisi inadondoka yenyewe ikiwa safi. Tofauti na kukwangua mbao na kisu, unapata na vibanzi, na rangi, na mtu akiwa alipaka mzinga oili chafu ya gari kufukuza mchwa basi umepata na hiyo. Kwa hivyo porini peke yake haitoshi, mkono wa mtu pia uwe safi.

Mafuta yenyewe sasa. Propolisi inaloweshwa kwa spiriti ya asilimia 70, inachujwa, halafu inachanganywa na nta na mafuta ya alizeti. Rangi ya kahawia inayoelekea njano. Wiki ya pili ule ukavu wa kando ya pua umeisha, na sijawahi kuumaliza na losheni yoyote tangu nihamie Nairobi. Chunusi zinakauka haraka, zilikuwa zinakaa wiki sasa ni siku tatu nne. Madoa meusi ya zamani? Hayajaenda popote, yako tu, msidanganywe.

Na malalamiko ninayo. Inanata! Nilipaka asubuhi mara moja nikapanda matatu ya dirisha limekwama, nikafika kazini uso ni vumbi tupu kama barabara ya Kangundo. Foronya yangu nyeupe imekuwa njano na haitoki hata na jiki. Halafu lebo ni aibu: haijaandika propolisi ni asilimia ngapi, haina tarehe ya kuisha, na hiyo karatasi ya "utafiti unasema" aliyobandika ukutani ni ya propolisi ya Ulaya ambayo nyuki wanatoa kwa mti wa poplar. Brazil wana yao ya kijani kutoka kichaka kinaitwa Baccharis, kuna ya nyekundu pia, kila moja na dawa zake tofauti. Ya Mwingi si ya Ulaya. Nilimwambia, akasema ni kijana wake alitoa kwa intaneti, atatoa. Juzi bado ilikuwa hapo.

Sasa lile swali langu la steji. Huyu mama alikataa kuniuzia siku ya kwanza, walahi. Alinipaka kidogo kwa kiwiko ndani akasema rudi baada ya siku mbili, kukiwasha usinunue hata kama umenipenda. Kwa sababu propolisi hata ikitoka msitu safi kiasi gani inaweza kukuletea aleji, ni hizo hizo kemikali za mti, na madaktari wa ngozi Ulaya wanaipima kama kitu cha kawaida. Kiwiko changu hakikuwasha. Kwa hivyo vile vipele vya mwaka jana nimeviandikia lami. Ukiwa una aleji ya nyuki ama manukato yanakusumbua, fanya hicho kipimo, ama achana nayo kabisa.

Nilirudi jana kuchukua kopo la pili, hakuna. Mzinga mmoja unatoa gramu 100 hadi 300 kwa mwaka mzima, na yeye hanunui ya watu wengine kujaziliza. Nimeacha oda ya mawili, moja ni ya shosho, na nimeambiwa nirudishe kopo tupu nipunguziwe 50. Alhamisi huwa hafungui.