Peasi "za baridi": mche upi ununue kwa shamba la Lushoto

Mwaka wa kwanza mipeasi yangu ilidumaa, nikavumilia. Mwaka wa pili nikatia samadi, madebe mawili kila shimo. Mwaka wa tatu jirani yangu wa Magamba, mzee wa Kisambaa asiye na maneno mengi, alisimama mbele ya mipeasi yangu sita, akakwangua gome kwa ukucha, akauona ukijani chini yake. "Mwanangu," akasema, "huu haujafa. Umelala. Unangoja baridi ya kwao."

Miche hiyo niliinunua Tanga mjini, shilingi 25,000 mmoja, kwa kijana aliyeniapia kuwa ni peasi za baridi kali, hata theluji haziijali. Mimi nikaikumbuka Julai ya Magamba, watu wamevaa makoti hadi saa nne asubuhi, nikaona nimepata nilichokitaka. Nikalipa bila kuomba apunguze. Mtu wa Tanga, hakuomba apunguze!

Basi sitasema lolote juu ya utamu, rangi wala ukubwa wa tunda. Hayo muuzaji atakueleza mpaka uchoke. Nina neno moja tu, nalo ndilo asilolijua au asilotaka ulijue: mti kuvumilia baridi ni jambo moja, mti kudai baridi ni jambo jingine.

Peasi ni mti wa nchi zenye majira manne. Hupukutisha majani, hulala, na usingizini huhesabu muda uliokaa kwenye baridi ya nyuzi 0 hadi 7 hivi. Hesabu ikitimia na joto likirudi, macho yote ya matawi hufumuka kwa pamoja. Isipotimia, mti huduwaa. Muda huo huitwa saa za baridi, na kila aina ina deni lake. Mimi nilitundika kipimajoto barazani Magamba, Juni na Julai nzima. Usiku mwingi kilisoma 10 au 11, alfajiri chache kikashuka hadi 8. Kwa hiyo mti uliouziwa kwa sifa ya kustahimili theluji, ukifika Usambara haupati hata cha kustahimili. Unalala njaa.

Dalili zake ukishaziona mara moja huzisahau. Jicho la nchani limetoa majani, halafu tawi tupu futi nzima, kama fimbo iliyovikwa kofia. Maua yanatoka matatu leo, mawili baada ya wiki tatu, moja tena siku umeshakata tamaa. Nyuki wanapita tu.

Sasa nipange miche, kuanzia ninaoupenda, na sifichi kwamba ninaupendelea.

Wa kwanza ni Kieffer, na wa pili yuko mbali sana nyuma yake. Ulizaliwa Philadelphia, Marekani, karne ya 19, mchanganyiko wa peasi ya Kichina na peasi ya Ulaya. Unadai kama saa 350 hadi 400, na bado ukipelekwa kwenye baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri haufi. Umeona? Huo ndio mti ambao yule kijana angeweza kuusifia theluji bila kunidanganya. Wanaoudharau husema tunda lake lina mchangamchanga mdomoni. Ni kweli, likiiva mtini. Lichume bado gumu, lifungie ndani ya sanduku kwa wiki mbili tatu, ndipo ule. Peasi nyingi huiva kuanzia moyoni, ukingoja ilainike mtini utakuta katikati imeoza. Na kwa jemu sijaona inayoishinda.

Hizo saa 350 nazo hatunazo, najua. Hakuna aina itakayolipwa deni lake lote huku kwetu, lakini inayodai kidogo ndiyo inayodanganyika. Baada ya mavuno unapurura majani kwa mkono, tawi baada ya tawi, na mti unaona kama majira yamepita. Wakulima wa matufaha wa Batu, kule Java, Indonesia, wanaishi kwa mbinu hiyohiyo. Ni kazi ya siku nzima na vidole vinabaki vyeusi.

Wa pili hauna jina. Ni mpeasi wowote wa zamani Lushoto unaouona kwa macho yako umezaa. Omba kijiti, tafuta fundi wa kubebesha (kuunganisha kijiti juu ya shina jingine), umemaliza. Mti uliokwisha kuzaa hapohapo hauhitaji kuapiwa.

Flordahome na Hood ni za Florida, zinadai kidogo na huchavushana zenyewe kwa zenyewe. Ningeziweka juu zaidi, ila sijawahi kukuta muuzaji anayezo mkononi. Picha kwenye simu sizihesabu.

Packham's Triumph ndiyo mnayoiona madukani na kibandiko cha Afrika Kusini. Tamu, hakuna ubishi. Charles Packham aliipata Australia mwaka 1896, na mzazi wake mmoja ni Williams, inayodai baridi nyingi kama utakavyoona, hivyo tabia ya kudai baridi haikwenda mbali. Kama shamba lako liko juu kabisa jaribu mmoja. Mmoja, si kumi.

Williams inadai kama saa 800. Isingestahili zaidi ya sentensi hiyo, ila hapa nina donda. Wauzaji wanajua kuwa mpeasi huhitaji mwenzake wa aina nyingine ili uzae vizuri. Kwa hiyo yule kijana wa Tanga aliniuzia mitatu "Williams" na mitatu "Bartlett", mume na mke, akanifungia kwa kamba ya rangi tofauti nisichanganye. Bartlett ni Williams! Mti ulitoka Uingereza, ukafika Marekani, Enoch Bartlett akanunua shamba ulimopandwa bila kujua unaitwaje, akausambaza kwa jina lake. Mwaka 1828 ndipo miche mingine ilipoletwa kutoka Ulaya wakagundua ni mti uleule. Takriban miaka mia mbili baadaye mimi nimelipa shilingi 150,000 kurudia kosa hilo. Ndiyo kuuziwa mbuzi kwenye gunia, tena mbuzi mmoja mara mbili.

Summercrisp, Ure, Luscious na ndugu zake waliozalishwa kwa ajili ya Minnesota, Dakota na Kanada: waache hukohuko. Ni miti hodari sana, na uhodari huo hauna kazi Magamba.

Miche ya mbegu ya shilingi elfu mbili tatu: hujui utavuna nini, na utangoja miaka mingi ndipo ujue. Nimemaliza.

Kinachoniuma si pesa peke yake. Ukimuuliza muuzaji wa mahindi atakutajia jina la mbegu na mfuko utausoma mwenyewe. Ukimuuliza wa miche ya matunda, "hiyo ni kubwa, mama, ina maji mengi." Jina je? "Ya kizungu." Wapi alipobebeshea, juu ya shina gani? Anaangalia simu. Na bei inapanda kila ukitaja Lushoto, maana kwake Lushoto ni mahoteli na wageni. Siku hizi namuuliza swali moja tu: inadai saa ngapi za baridi? Akinijibu "inavumilia sana", naaga.

Vijiti vyangu vya Kieffer nilivipata kwa yule mzee. Hakutaka hela, nilimpandishia samaki wakavu, ng'onda wa Tanga, fungu zima. Vinne vimeshika, juu ya mashina yaleyale ya Williams niliyoyakata kwa msumeno. Shina la tano lilikauka. La sita sikulikata, kuku wamezoea kulala juu yake.