Dawa ya Kuziba Tenki Bovu: Nimeijaribu Kwenye Mgongo wa Chura

Sikilizeni hii kwanza. Mmesikia? Kacha-kacha-kacha. Hiyo ni kutu, jamani, inacheza ngoma ndani ya tenki la Volkswagen yangu, mgongo wa chura wa 1972. Karibuni tena gereji. Mlioniambia video iliyopita sauti inatoka kama niko ndani ya pipa, ujumbe umefika, maiki mpya hii hapa.

Gari hizi zilishinda Safari Rally 1954, 1957 na 1962. Yangu inashindwa kufika Mwenge! Inakwenda kilomita mbili, inakohoa, inazima. Vumbi la kutu linashuka mpaka kwenye kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, linaziba vijitundu. Nimebadilisha filta mpaka muuzaji ananiita shemeji.

Basi nimenunua boksi hili la chupa tatu. Ya kwanza inaosha mafuta, ya pili inakula kutu, ya tatu unapaka kwa ndani kuziba matundu. Maelezo mengine yasomeni ubavuni mwa boksi, mimi nakimbilia chupa ya pili, maana imenifurahisha mpaka nikamwita mke wangu aje aone kutu. Alikuja. Hakufurahi.

Tazama. Nimeshatoa geji ya mafuta na boya lake, mdomo wa chini nimeuziba kwa kizibo cha mpira. Naingiza mnyororo huu wa baiskeli. Usitumie nati, nati moja ikijificha pembeni huipati tena. Natikisa. Geuza, tikisa, upande wa pili, tikisa. Mikono inauma, lakini humu ndimo kazi ilipo. Natoa mnyororo, mabamba ya kutu yanamwagika, cheki hayo, kama maganda ya karanga. Sasa namimina dawa. Ni asidi ya fosforiki, kwa hiyo glavu na miwani, usijifanye chuma. Kila nusu saa nageuza tenki lilalie upande mwingine.

Baada ya saa tatu... leta tochi. Karibu hapa na kamera. Unaona ile kahawia imekuwa kijivu? Haikukwanguliwa ile, asidi imeigeuza kutu kuwa ganda jembamba lililoshika bati. Miaka hamsini ya uchafu! Hii chupa peke yake ningeinunua.

Halafu kuna jamaa mwenzetu, simtaji, amepima dawa kama hii kwenye tenki jipya linalong'aa. Ndugu yangu, umempa panadol mtu mzima wa afya.

Sasa chupa ya tatu imenikera. Boksi linasema tenki likauke kabisa kabla ya kupaka. Kabisa, kwa joto hili la Dar lenye unyevu? Nilisuuza, nikageuka kunywa chai, narudi bati limeshaanza kutu mpya ya rangi ya chungwa! Ikabidi nirudie chupa ya pili, nisuuze kwa spiriti, nipulize hewa ya kompresa papo hapo. Hilo lingeandikwa kwa herufi kubwa. Na ukishapaka, mwaga yote iliyobaki, isigande chini ikaziba mdomo wa kutolea mafuta. Matundu ya sindano inayaziba vizuri. Tundu la kupitisha penseli, hapana, hilo ni la kuchomelea.

Na hapo naomba mnisikilize. Tenki tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke wa petroli uliobaki ndio unaolipuka. Fundi akiwasha moto bila kuliosha na kulijaza maji, wewe ondoka hata kama ni mjomba wako. Kwenye gari hii tenki liko mbele, chini ya boneti, karibu na magoti yako. Fikiria.

Bei? Ghali, sibishi. Lakini nilizunguka Gerezani na Ilala kutafuta tenki, la mtumba nililoonyeshwa limeoza kuliko langu. Jipya linapatikana nje, gari hizi Mexico walizitengeneza mpaka 2003, ila tenki ni boksi kubwa lenye hewa ndani na meli wanakutoza nafasi. Nilipopiga hesabu ya usafiri nikafunga simu.

Kwa hiyo chupa mbili za mwanzo nanunua tena. Ya tatu tuone, naliacha tenki wiki nzima likauke, kisha natia petroli lita tano na filta mpya ya kioo tuone kinachoshuka. Bonyeza kengele usiikose. Ngoja nizime kompresa, jirani ameshaanza kugonga ukuta.