Google Docs, Notion, Blogger na WordPress: tulichobaki nacho sisi wa Mbeya

Wadau habari zenu, kuna watu wameniuliza apu gani inafaa kuandikia blogu mkiwa kikundi. Sisi tunaandika mambo ya parachichi na viazi, mmoja yupo Tukuyu, mwingine Mafinga, mimi nipo Mwanjelwa, kukutana ni nauli, kwa hiyo drafti zote zilikuwa zinapita WhatsApp, inaenda inarudi mpaka hamjui tena ipi ndo ya mwisho.

Kwenye kuandika Google Docs ndo imeshinda. Siyo mpya, ipo tangu 2006, ila wengi wanaijua kwa kuandikia CV tu na hawajawahi kugusa ile sehemu ya mapendekezo. Dada wa Tukuyu anakijua kilimo kuliko sisi wote na hapendi mtu amvurugie sentensi zake, sasa nikiweka mapendekezo maneno yangu yanatokea kwa rangi nyingine, ya kwake yanabaki palepale mpaka akubali au akatae mwenyewe. Ugomvi umepungua sana jamani. Halafu kuna historia ya matoleo, unaona nani kabadilisha nini na saa ngapi, mtu akifuta aya nzima kwa bahati mbaya mnarudisha.

Na inafanya kazi bila mtandao, hili kwa watu wa milimani ndo kubwa kuliko yote. Unaweka alama kwenye faili mapema kwamba lipatikane bila mtandao, ukiwa bado una neti, unaenda zako shambani unaandika, ukirudi kwenye mtandao yanapanda yenyewe. Kwenye simu lazima uwe na apu ya Docs yenyewe, ya Drive peke yake haitoshi kuandikia. Ila msiandike aya moja watu wawili wote mkiwa nje ya mtandao, mtakuja kukuta maneno yamechanganyikana, gaweni kabisa, huyu miche, yule soko.

Notion ni nzuri kwa kupanga nani anaandika nini na lini, meza zake na kalenda zimekaa vizuri mno. Lakini kuandika bila mtandao wameleta 2025 tu, wakati sisi tumeshazoea kwingine.

Kwenye kuposti tumebaki na Blogger. Ya zamani kweli, ilianza 1999 na Google wakainunua 2003, blogu nyingi za Bongo mnazozijua zilianzia hukohuko, ndo zile zenye anwani ya blogspot. Ni bure, haina matangazo mpaka uyaweke mwenyewe, na unaalika wenzako kwa imeli tu. WordPress.com ina muonekano mzuri zaidi, ila ya bure inaweka matangazo yao. Kitu ambacho WordPress wamepatia, na Blogger natamani wangekuwa nacho, ni mtu kuandika bila ruhusa ya kuposti mpaka mhariri apitishe, kwa hiyo kama kikundi chenu ni kikubwa na kina vijana wageni nendeni WordPress bila kusita.

Ukitoa maandishi Docs kwenda Blogger pesti maneno matupu, ukibeba na fonti zake posti inakuwa shaghalabaghala. Picha punguzeni ukubwa kwanza, msomaji wenu yupo Chimala na bando la siku, posti ya picha nzito inammalizia.

Pia kabla hamjafungua blogu someni kanuni za maudhui mtandaoni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, za 2020 na marekebisho ya 2022, mjue kama mnachoandika kinahitaji leseni.

Asiye na Gmail mtumieni linki ya Docs ya kusoma tu, inafunguka bila akaunti. Kuna mzee mmoja mkulima kule Rungwe tunamtumia hivyo kila posti kabla haijatoka, anaisoma kwenye simu, akiona kipimo cha mbolea kimekosewa anatuma voisi na tunarekebisha hapohapo.